Nilihama chuo baada ya mwaka wa kwanza. Unayetaka kuhama pitia hapa kabla hujabeba godoro

#1 – Mleta uzi

Wakuu salaam.

Kila matokeo ya semista ya pili yakitoka, inboksi yangu inajaa swali moja: "Kaka, eti inawezekana kuhama chuo?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nashusha yote hapa, atakayeuliza tena namtupia linki.

Nilisoma mwaka wa kwanza wa uhasibu kwenye chuo kimoja binafsi Dar, sasa niko mwaka wa tatu chuo cha umma Dodoma. Majina ya vyuo sitoi, msinisumbue. Na sababu yangu haikuwa ya kishujaa, ilikuwa hela. Ada ilikuwa milioni mbili na ushee, mkopo ulifunika kama theluthi, iliyobaki alikuwa anahangaika nayo mzee. Mzee alikuwa dereva wa lori, njia ya Tunduma. Katikati ya mwaka bosi wake akauza magari. Mitihani ya semista ya pili niliifanya kwa barua ya kuomba huruma, natetemeka mlangoni kila siku kama nimeiba kitu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kuhama ni jambo moja. Kuna lile dirisha la uhamisho la TCU (tume inayosimamia vyuo vikuu) ambalo watu wanalisikia redioni. Lile ni la waliodahiliwa mwaka huo huo, linafunguliwa wiki chache baada ya usajili, mtu hajasoma hata kozi moja ikaisha. Wewe uliyekwisha kufanya mitihani ya mwaka mzima, lile halikuhusu. Njia yako ni uhamisho wa krediti: unaomba kwenye chuo unachokwenda, wanapima ulichosoma, wanaamua wakupokee mwaka gani. Wao ndio wanapeleka taarifa zako TCU, si wewe uende ukapange foleni kule.

Njia nyingine ni kuanza upya kwa vyeti vyako vya form four na form six kama vile hujawahi kusoma chuo. Watu wanaipenda kwa sababu haina maelezo mengi. Ila mfumo wa udahili unakutambua kwa namba yako ya mtihani wa form four, kwa hiyo usijidanganye kwamba utaingia kimya kimya huku jina lako liko hai kwingine. Na kama ulikuwa na mkopo ukaacha masomo, ukaja kuomba tena, mwongozo wa Bodi ya Mikopo unataka uwe umerejesha asilimia 25 ya ule wa mwanzo. Piga hesabu hiyo kabla ya kusema "bora nianze moja".

Mimi nikaenda na krediti. Hapa ndipo penye uzi wenyewe.

Krediti moja kwetu ni saa 10 za kazi: kipindi, kujisomea, mazoezi, mtihani, vyote humo. Mwaka wa shahada unabeba krediti 120. Sasa kozi yako ya Kanuni za Uhasibu kule inaweza kuwa na krediti 9, ninakosoma sasa ina 12. Jina moja, kitabu kimoja, lakini anayepima anaona pengo la saa 30. Anataka kujua zile saa 30 wenzako walisoma nini ambacho wewe hukusoma. Hajibiwi kwa mdomo. Anajibiwa kwa muhtasari wa kozi, ule unaogawiwa wiki ya kwanza na wote tunautupa.

Mimi nilikwenda na mihtasari niliyoikuta kwenye grupu la WhatsApp la darasa, nikaprinti stendi. Mkuu wa idara, mzee mmoja mpole, chupa ya chai pembeni, akaweka wa kwangu kushoto na wa kwao kulia, akaanza kushuka na kalamu nyekundu mstari kwa mstari. Tiki. Tiki. Akasimama.

"Hesabu za ubia mlisoma?"

"Tulisoma mzee."

"Mbona hazimo?"

Hazimo kwa sababu ule muhtasari ulikuwa wa miaka miwili nyuma. Akaigeuza karatasi, hakuna muhuri, hakuna sahihi. Akanirudishia zote 12 kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. "Kijana, hizi ni karatasi tu."

Nikarudi Dar. SGR ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kufika Dodoma, daraja la kawaida 31,000, kwenda tu. Kule nilikotoka nikakaa kwenye benchi la idara siku tatu. Mwalimu mmoja yuko masomoni nje, mwingine anasema muhtasari ni mali yake na si ya idara, katibu muhtasi anasema njoo saa nane, saa nane anasema njoo kesho. Siku ya tatu jioni ukapatikana ule sahihi, wenye hesabu za ubia. Dada wa masjala akapiga muhuri kwa nguvu zote, na ule muhuri ukatua juu ya mstari wa ubia. Pyaa. Mstari hausomeki.

Nikaupeleka hivyo hivyo. Mkuu wa idara akainuka, akaenda dirishani, akauinua kwenye mwanga, akasoma kwa nyuma ya wino. Akacheka. Tiki.

Kozi 12, wakakubali 7. Tano nikatakiwa kuzisoma upya. Kwenye karatasi niko mwaka wa pili, asubuhi nimekaa na mwaka wa kwanza nafundishwa Stadi za Mawasiliano mara ya pili maishani mwangu, mchana nakimbilia kozi za mwaka wangu. Ratiba zikigongana, na zinagongana, unachagua uikose ipi. Na zile saba zilizokubaliwa ziliingia kama "zimeshasomwa", alama zake hazikuingia kwenye GPA, ule wastani wa alama zako. Nilikuwa na B+ nne za jasho. Zimebaki Dar. Ulizeni hili mapema, wengine lina faida kwao, mwenye C zake atashukuru.

Kuhusu mkopo nitasema kifupi maana lilikuwa kosa langu. Mkopo umefungwa na chuo na kozi, haukufuati wenyewe kama mbwa. Ni lazima uanze kwa afisa mikopo wa chuo unachotoka na umalizie kwa afisa mikopo wa unakokwenda, na barua ya kuachiliwa ndiyo kichwa cha yote. Hiyo barua nisingepewa bila fomu ya kuthibitisha sidaiwi: maktaba, hosteli, uhasibu. Uhasibu nilikuwa nadaiwa 640,000. Mzee akauza pikipiki. Mpaka barua inatoka, semista ilishafika katikati, jina langu bado linasomeka Dar, boom (hela ya kujikimu ya mkopo) la wenzangu limeingia, la kwangu hola. Hela ya chakula na malazi wakati ule ilikuwa 10,000 kwa siku, si nyingi, lakini jaribu kuikosa siku 60. Nilikuwa namenya viazi kwa jamaa wa chipsi karibu na geti, malipo ni kula.

Hayo ndiyo yangu. Nimeuliza watu wanne waliohama na wote walikwama kwenye karatasi, si kwenye akili. Maswali leteni.

#2 – Kinyozi wa Makole

Uzi mzuri mkuu, ila sema na ukweli wote. Hukuwa na sapu, mtihani wa kurudia?

#3 – Mleta uzi

😂 Nilikuwa nayo moja, Hisabati za Biashara. Nikaifanya Septemba, nikaifuta, ndipo nikaomba. Mwenye sapu asiombe kabla hajaimaliza, matokeo ya muda yataonyesha tu. Na aliyedisko, yaani aliyeachishwa chuo kwa kufeli, asije hapa kuuliza namna ya "kuhama". Huyo hahami, ameshatolewa, njia yake ni nyingine kabisa.

#4 – mama_wawili

Habari zenu wanangu. Nina binti mwaka wa kwanza Mbeya, chuo kizuri, kozi aliyoitaka mwenyewe. Tangu Januari ananililia anataka Dar. Nikimbana sababu anasema mazingira. Nikimbana zaidi, marafiki zake wa sekondari wote wako Dar. Baba yake kasema akome. Mimi nashindwa.

#5 – Mleta uzi

Shikamoo mama.

Mimi nisingemwambia akome, nitamwambia alete mihtasari ya kozi zake zote ikiwa na muhuri, halafu tukae tuzungumze. Kama ni mazingira kweli ataileta. Kama ni marafiki, ataishia kwenye benchi la idara siku ya pili. Halafu mwulizie kama analala vizuri na anakula. Kuna mabinti wanasema mazingira wakimaanisha jambo ambalo hawawezi kumwambia baba.

#6 – mama_wawili

Marahaba mwanangu. Hilo la mwisho sikuliwaza. Nampigia leo.

#7 – Mtu wa Nyegezi

Nitakwenda kinyume kidogo na mleta uzi. Shida yako ilikuwa hela, na hela ilikuwa na dawa nyingine: kuahirisha mwaka. Mimi baba alipofariki niliandika barua ya kuahirisha masomo, nikaenda Kahama nikafanya kazi ya duka mwaka mzima, nikarudi chuo kile kile, mwaka ule ule, GPA yangu iko pale pale inanisubiri. Sikupoteza hata kozi moja. Wewe umepoteza tano, na nauli, na pikipiki ya mzee. Kuhama kunaonekana ni kusonga mbele, lakini hesabu yako mwenyewe inaonyesha ulirudi nyuma nusu mwaka.

#8 – Mleta uzi

Pole kwa mzee, kaka. Hoja yako ina uzito na nilishauriwa hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba wewe ukirudi ulikuta ada unayoiweza. Mimi ningefanya kazi mwaka, nikarudi, nikalipa mwaka mmoja, halafu? Ningeahirisha tena? Ada ya ninakosoma sasa ni chini ya nusu ya ile. Pikipiki imeniuma mpaka leo, hilo siwezi kubisha.

#9 – Kinyozi wa Makole

Nyegezi kaongea. Watu wengi wanahama tatizo ambalo wamelibeba kwenye begi. Nina jamaa kahama mara mbili, kote alikokwenda lekchara "anamwonea".

#10 – PCB ya Ukweli

Wakuu mimi niko sayansi ya maabara mwaka wa kwanza, GPA 4.1. Nataka kuhamia udaktari chuo kingine mwaka wa pili. Form six nina D ya Fizikia, C ya Kemia, C ya Baiolojia. Nafasi ipo?

#11 – Mzee wa Darubini

Nipo maabara, nijibu mimi. Mdogo wangu, huko si kuhama tena, ni kubadilisha fani. Kiwango cha chini cha kuingia udaktari ni pasi tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja kuanzia D, jumla pointi 6. D ni 2, C ni 3, C ni 3, una 8. Umevuka. Lakini kuvuka mstari si kupata kiti, waliojipanga na A zao ni wengi. Halafu hata ukipokewa, usitegemee mwaka wa pili. Anatomia ya mwaka wa kwanza wa udaktari hukuisoma kwa kina chao, watakurudisha mwanzo. Kwa hiyo unaomba upya na mwaka umekwenda. Kama roho yako iko huko kweli, nenda. Kama ni shemeji anakucheka, baki maabara, tunakula vizuri tu.

#12 – PCB ya Ukweli

Si shemeji, ni mama mdogo 😅 Asante kaka.

#13 – Jirani wa Namanga

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu mambo yako kidogo tofauti lakini maumivu ni ndugu. Ukiwekwa chuo na KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, na hukitaki, unaomba uhamisho kwenye mtandao wao dirisha likifunguliwa, na lazima vyuo vyote viwili vikubali, kile unachotoka na kile unachoenda. Na alama zako za klasta, yaani za masomo ambayo kozi inayataka, zifikie zile za mtu wa mwisho aliyechukuliwa kwenye kozi hiyo mwaka huo. Wengi wanaanguka hapo, mtu anataka uanasheria na klasta yake haifiki. Ukishakaa mwaka mzima ndipo yanakuwa kama ya huyu ndugu, unabishana na idara kuhusu kozi moja moja. Na HELB, bodi ya mikopo ya huku, nao uwaambie umehama, usinyamaze ukidhani wataota.

#14 – Mleta uzi

Karibu jirani. "Wataota" nimeiba.

#15 – Zao la 2016

Mnaongelea kuhama kwa hiari. Sisi wengine tulihamishwa. 2016 TCU ilipofuta kibali cha chuo chetu, tulisikia kwenye taarifa ya habari kama watu wengine wote, tukiwa hosteli na sufuria jikoni. Tukagawanywa vyuo mbalimbali. Tulikuwa na barua za serikali, kundi zima, na bado tulipofika idara zikatoa mihtasari yao na kalamu nyekundu. Kuna kozi tulizisoma mara ya pili tukiwa na umri wa kuoa. Kwa hiyo dogo, kama barua ya serikali haikumzuia mkuu wa idara kuuliza hesabu za ubia, wewe uliyekwenda peke yako asingekuacha.

Nyongeza moja: tunzeni matokeo yenu. Msitegemee akaunti ya mwanafunzi kwenye mfumo wa chuo, siku wakikufungia umefungiwa na alama zako ndani. Chukua transkripti au matokeo ya muda yenye muhuri kabla hujaanza kutangaza kwamba unaondoka.

#16 – Mleta uzi

Bro hii ya akaunti nilisahau kuandika na ilinipata. Siku nimepewa barua ya kuachiliwa, kesho yake nywila haifanyi kazi. Bahati nilikuwa na skrinshoti, ingawa skrinshoti hazikubaliki popote, zilinisaidia tu kukumbuka nidai nini.

#17 – Kalamu Mbili

Swali dogo. Bima na ile michango mingine inahama?

#18 – Mleta uzi

Kwangu haikuhama kitu. Ile 20,000 ya TCU ya kila mwaka unalipa kwenye chuo kipya, kitambulisho kipya, hosteli upya kama mgeni. Tenga hela ya kuanza maisha, usipigie hesabu ada peke yake.

#19 – mama_wawili

Nimerudi. Nimezungumza na binti saa nzima. Kumbe chumbani wako sita, na mmoja wao anawaletea wageni usiku. Wala si Dar. Kesho nakwenda Mbeya kuonana na mshauri wa wanafunzi abadilishiwe chumba. Mungu akubariki mwanangu.

#20 – Mleta uzi

Amina mama. Safari njema.

#21 – Dogo wa Foleni

Mleta uzi upo? Niko kwenye korido ya idara sasa hivi, nahamia Morogoro. Nina mihtasari 11, kumi imesainiwa. Mmoja mwalimu hayupo. Basi langu saa nane. Niende na kumi?

#22 – Mleta uzi

Usiende. Ni kozi gani?

#23 – Dogo wa Foleni

Takwimu. Krediti 12.

#24 – Mleta uzi

Basi ndiyo kabisa usiende. Kata tiketi ya kesho.

#25 – Mtu wa Nyegezi

Kaa hapo hapo dogo. Hata chooni usiende.

#26 – Dogo wa Foleni

Wanasema kaenda kula. Nasubiri.

#27 – Dogo wa Foleni

Amerudi. Amesaini, ila kaniuliza mbona nawakimbia 😂

#28 – Mleta uzi

Muhuri?

#29 – Dogo wa Foleni

Masjala wanasema kidau cha wino kimekauka, nirudi Jumatatu.

#30 – Mleta uzi

Toka nje, vuka barabara, ingia stationari yoyote, nunua kichupa cha wino wa mihuri. Rudi nacho kabla hawajafunga. Sitanii. Na mwambie dada apige pembeni, asipige juu ya maandishi.